Mashine ya Binti Shangazi

3 Februari

Kwako Sindano, binti wa shangazi yangu wa pekee,

Salamu nakutumia, na kama dereva hatazikalia njiani zitakufika zikiwa bado na joto. Huku kwetu wazima. Mama mzima, ila bado anamlaumu jogoo wa jirani kwa kila kitu kinachopotea humu ndani, hata mkasi. Kitinda mimba wetu ameota meno mapya ya mbele, sasa anayang'ata maneno badala ya kuyasema. Baba mzima, anakusalimia. Mimi usiniulize, maana ukiniuliza nitajibu, na nikijibu hatutamaliza leo.

Najua utasema kwa nini nisipige simu kama binadamu wengine. Simu ina ubaya mmoja: mwenzako anaweza kukukatiza. Wewe hasa, mtu hajafika hata nusu ya sifa zake umeshaanza kucheka. Karatasi inanisikiliza mpaka mwisho. Tena dereva wa lori la alumini akishashusha mzigo kiwandani kwetu anakuja moja kwa moja kushusha uliobaki kwenu, kwa hiyo barua yangu inasafiri bure, imekaa juu ya malighafi kama tajiri.

Haya, tuingie ndani. Nimesikia kwa huyo huyo dereva kwamba umetolewa kwenye kufunga mizigo ukapelekwa meza ya mifuniko, na kwamba msimamizi wenu sasa anakuita dada, kwa heshima. Hongera. Nimefurahi. Nimefurahi hadi nikashindwa kumaliza chai. Kutoka kufunga kamba mpaka kupima mifuniko si safari ndogo, hasa kwa mtu mwenye vidole kama njiti za kiberiti.

Lakini nami usidhani nimelala. Debe ni jina ulilonipa mwenyewe tukiwa watoto, eti debe tupu haliachi kuvuma. Basi debe limejaa. Pale kwenye safu ya wazungushaji hakuna kijana wa kunifikia. Nalifunga duara la alumini mbele ya kalibu yenye umbo la sufuria, mota inalizungusha, nabana fimbo ya chuma kwapani, naegemea kwa mwili mzima, na bati linakubali polepole kama mkaidi aliyebembelezwa, mpaka linalala juu ya kalibu na kuwa sufuria. Kazi hii nimefundishwa na Baba, na Baba unamjua. Kiwandani wakitaka kusema kitu kimenyooka husema kimepita mikononi mwa mzee.

Sasa habari yenyewe, ila kaa chini kwanza. Tajiri wetu analeta mashine. Si hizi za kuzungusha za tangu enzi za babu, mashine hasa, ya kisasa, ina kioo kama televisheni. Unaiandikia namba, inakutolea sufuria, wewe umekunja mikono. Na nani ataiendesha? Nisiseme, nisije nikaonekana najisifu.

Ni mimi.

Basi nenda kapime mifuniko yako kwa raha. Msalimie shangazi, mwambie mtoto wa kaka yake ameiva.

Nduguyo,
Debe (lililojaa)


26 Februari

Kwako Debe,

Salamu zimefika, zimepoa kidogo kwa sababu dereva alikwama njiani na gurudumu. Sisi hatujambo. Mama kapata miwani mipya, sasa anaona vumbi ambalo zamani lilikuwa halituhusu, na nyumba imegeuka kambi ya kufagia. Nimemsomea barua yako. Kasema chakula kikiiva hushushwa mapema, kikiachwa juu kinaungua.

Ni kweli nimehamia mifuniko. Usinionee wivu bure. Sufuria zetu zinazungushwa kwa mkono kama zenu, kwa hiyo kila moja inazaliwa na mdomo wake. Hii imepanuka unywele mmoja, ile imekaza. Mimi nakaa katikati ya lundo la sufuria na lundo la mifuniko, naonjesha huu, naonjesha ule, mpaka wapatane. Nusu ya siku yangu ni ushenga. Na ndoa zenyewe nyingine hazifiki hata dukani.

Hiyo mashine yenu ni ya namna gani? Inazunguka au inafanyaje? Wewe walikuchagua vipi, kulikuwa na mtihani? Waliuliza cheti cha shule? Nauliza tu.

Na Mjomba je? Umeandika "mzima" ukapita. Mjomba si mtu wa neno moja.

Binamu yako,
Sindano


19 Machi

Kwako mwenye maswali kama askari wa getini,

Habari za siku. Huku jogoo wa jirani ameonekana akiwa na uzi mwekundu mguuni, Mama anasema huo ndio ushahidi aliokuwa akiungoja. Kitinda mimba kaanza shule, siku ya kwanza alirudi na daftari la mtoto mwingine, siku ya pili akarudi na mtoto mwenyewe. Baba mzima kabisa. Siku hizi anakunywa chai kwa mkono wa kushoto, anasema wa kulia umefanya kazi ya kutosha, nao upumzike. Mitindo ya wazee tu.

Umeuliza kuhusu mashine. Inazunguka, Sindano. Inazunguka mpaka ukiitazama sana unasahau umekuja kufanya nini. Ni kimbunga kilichofungiwa sandukuni. Ikimaliza sufuria inasema "tayari" kwa sauti ya kike, tena ya adabu, si kama ya watu fulani. Haijafika bado, iko njiani, lakini nimeshaonyeshwa picha.

Mtihani? Tajiri aliniangalia mikono, akatikisa kichwa kukubali, basi. Cheti? Bati halijawahi kuniuliza nilifika darasa la ngapi. Mimi na shule tuliachana kwa amani, tukishindwa kuelewana juu ya hesabu za sehemu.

Na ukitaka kujua kwa nini kiwanda kinanunua mashine kubwa, usimuulize injinia. Injinia atakuambia kasi, atakuambia usahihi, atakuchorea na mshale unaopanda. Mimi nakuambia ya kweli. Unakumbuka jirani yetu aliponunua pazia la maua? Mama naye akanunua pazia, tena refu zaidi, la dirisha ambalo lilikuwa halina hata kioo. Tukalala miezi na mbu nyuma ya pazia zuri. Tajiri naye ni Mama yetu mwenye kiwanda. Hanunui mashine kwa sababu anaihitaji, ananunua kwa sababu hawezi kulala mwenzake akiwa nayo.

Endelea na ushenga wako. Nikishaanza kuendesha nitakutumia picha, uitundike juu ya lile lundo upate moyo.

Debe


8 Juni

Kwako Debe,

Nisamehe kwa kimya. Mama hajambo, mimi sijambo. Mwenye nyumba katupaka rangi ukuta wa mbele, wa nyuma kauachia mvua. Mama anawasalimu wote, anasema jogoo ahukumiwe kwa haki.

Sikukuandikia kwa sababu kila nililotaka kusema lilikuwa linafanana na kujisifu, na kujisifu ni shamba lako, sikutaka kulima mpaka.

Hapa kwetu imeingia mashine ya kubana. Walinipeleka mafunzoni, nimerudi, na zamu ya mchana naiendesha mimi.

Haifanani na kitu tulichokizoea. Unaweka duara chini, unarudi nyuma hatua, unabonyeza vitufe viwili, kimoja kila upande, kwa mikono yote miwili kwa pamoja. Viko usawa wa kiuno. Ukibonyeza kimoja tu inakataa. Inataka kwanza ihakikishe hakuna mkono wako uliobaki ndani. Kisha inashuka, mara moja, kimya, kama mtu mzito anayekaa kitini. Ikiinuka, sufuria iko pale. Nyingine kama hiyo. Nyingine kama hiyo. Ushenga umekwisha, Debe. Mfuniko wowote unakaa kwenye sufuria yoyote, sina haja hata ya kuangalia.

Nimempa dereva sufuria moja na mfuniko wake. Si yako, ni ya Mjomba. Mwambie aigonge, aniambie anasikia nini.

Yenu ilifika?

Sindano


2 Julai

Kwako Dada Mkubwa wa Vitufe,

Sisi wazima, asante, endelea kupumua vizuri huko juu.

Sufuria imefika. Dereva kaiweka kiti cha mbele, kaifunga mkanda, akaja nayo kama bibi harusi. Sisi wengine barua zetu zinakaa nyuma na mabati.

Nikuhadithie, maana najua ndicho unachokingoja. Baba alinawa mikono kwanza. Sijawahi kumwona akinawa mikono kwa ajili ya sufuria. Akaiweka magotini, akaizungusha taratibu, akaigonga kwa ukucha, akainamisha sikio. Akaweka mfuniko, akautoa, akaugeuza, akauweka tena. Chakula kikaletwa, akala, sufuria bado iko pembeni yake kama mgeni. Alipomaliza ndipo akasema, "Hii imelala sawa."

Sindano, nimeshika fimbo tangu ndevu hazijaota. Nikimpelekea sufuria yangu anaangalia ukingo, anapitisha kidole, anasema "kesho." Basi. Kesho. Nikimpelekea kesho yake, anasema kesho. Leo inakuja sufuria iliyotengenezwa na mtu aliyesimama tu akabonyeza kama anayewasha taa, inaambiwa imelala sawa.

Nikachukua mfuniko wako nikauweka juu ya sufuria yangu. Ukacheza kama jino bovu. Mama ameipa yako rafu ya juu, ya wageni. Nilitamani ipate kutu, kisha nikakumbuka alumini haishiki kutu. Hata hapo umenishinda.

Na si mimi peke yangu. Tajiri wetu naye kanunua moja ya kwenu dukani, kaja nayo imezungushiwa gazeti kama mtu aliyeiba. Kaenda nayo uani nyuma ya ofisi, akaikata katikati kwa msumeno. Sufuria nzima, mpya. Akapima ukuta wake kuanzia kitako mpaka mdomo. Unene ule ule pote. Akatuita wazungushaji wote tukaitazame, imelala pale chini vipande viwili. Zetu unajua, ukiegemea sana huku, kule panakuwa karatasi. Tajiri alishika kile kipande kama aliyekuta barua ya mtu mfukoni mwa mkewe. Aliyekuwa akitabasamu ni Baba tu, na mimi sikupenda lile tabasamu.

Mashine yetu? Imechelewa njiani. Bahari ni kubwa.

Debe


14 Septemba

Kwako Sindano, usiyejibu,

Natumaini kimya chako ni kazi na si kiburi. Sisi hatujambo. Mama na jirani wamepatana, jogoo kaliwa. Kitinda mimba anasema mashine yako aliiona ndotoni na ilimpa pipi, nimemwambia aote vitu vya kwao. Baba mzima. Siku hizi anashika fagio pale kiwandani badala ya fimbo, kwa hiari yake, unajua anavyopenda usafi.

Sasa shika nafasi yako. Tajiri ameagiza mashine ya kubana. Nyingine, yaani. Ile ya kwanza ilipata matatizo.

Na nimekaa, nimefikiri, nimegundua jambo ambalo wewe na mafunzo yako hamkuligundua. Mashine zote mbili, yenu na yetu, nimezileta mimi. Ndiyo, mimi, darasa la saba kasoro. Fuatana nami polepole. Mwezi wa pili nilikuandikia kwamba sisi tunaleta mashine. Hata kama habari ile ilikuwa imetangulia ukweli kidogo. Wewe, kwa mdomo wako, ukaisema kiwandani. Tajiri wenu akasikia, wivu ukamkaba, akanunua. Sufuria zenu zikaja huku, tajiri wetu akazikata kwa msumeno, wivu ukamkaba naye, kaagiza. Watu wanasema mashine huletwa na meli. Mashine huletwa na wivu, na kiberiti kilikuwa mfukoni mwangu. Kungekuwa na haki ningekuwa nimekaa ofisini sasa hivi nazungusha kiti.

Ila kuna jambo linanikera kidogo. Fundi mkuu anasema sufuria za kawaida zote zitahamia kwenye mashine. Kwa mkono yatabaki yale masufuria makubwa ya kupikia watu mia, ambayo mashine haiwezi kuyameza. Kwa hiyo katika wazungushaji atachukuliwa mmoja wa mashine, wachache watabaki na makubwa, wengine haijulikani. Na huyo mmoja atatajwa na mkufunzi atakayeletwa na waliouza mashine. Akija mwanamume mnene mwenye tai, mimi huyo namweka mfukoni kabla chai haijapoa. Nitamwonyesha mikono.

Wewe uliyefika kule kwanza, hebu niambie: wanapenda kuuliza nini hao?

Debe


20 Oktoba

Kwako Debe,

Mimi na Mama hatujambo. Mama ana wasiwasi, utaona kwa nini.

Naanza na lililo jepesi. Nilijua hakuna mashine tangu barua yako ya mwezi wa tatu. Uliandika inazunguka kama kimbunga. Mashine ya kubana haizunguki, inashuka. Wakati naisoma barua hiyo, yetu ilikuwa tayari melini, na sakafu yake nzito ilianza kumwagwa nyuma ya ghala kabla hujanunua hata bahasha. Tajiri wetu hakujua kama wewe upo duniani. Aliagiza kwa sababu mwaka jana mteja mmoja mkubwa alirudisha lori zima. Mifuniko ilikuwa ikidondoka, mpishi mmoja akaungua mkono. Nilikuwepo lori lilipoingia getini. Kwa hiyo yako ni hadithi nzuri ya pazia, lakini pazia letu lilikuwa na mbu wa kweli. Na tajiri wenu naye hakununua kwa wivu mtupu. Aliona ukuta wa ile sufuria, akajua wateja wake nao watauona.

Ila usife moyo, uongo wako ulifanya kazi moja. Walipotangaza wanatafuta mwendeshaji, waliokwenda ofisini wote walikuwa wanaume, na mimi sikuwa na mpango wa kwenda. Halafu ikaja barua yako. "Ni mimi." Nilisoma maneno hayo mawili, nami nikashindwa kumaliza chai. Nikasema, ikiwa Debe, Debe huyu huyu, basi mimi nimekaa hapa nafanya nini? Asubuhi yake nikaenda. Kwa hiyo wivu uliouwasha ulikuwa wangu. Si mpya. Naubeba tangu tukiwa watoto, Mjomba alipokuweka wewe mbele ya kalibu akakupa fimbo, mimi akanipa pipi akaniambia nikae mlangoni nisije nikaumia. Nilikaa mlangoni, Debe. Nilikariri kila kitu kutoka pale.

Sasa lililo zito. Huyo mwanamume mnene mwenye tai ni mimi. Waliouza mashine wamemwomba tajiri wetu aniazime. Nakuja mwezi wa kumi na mbili. Nitafundisha, na nitataja jina la mtu mmoja.

Wiki iliyopita nilipata barua ya Mjomba. Hajawahi kuniandikia maishani, ila akifagia ofisini kwenu alisikia jina langu likitajwa. Mwandiko wake ulikuwa kama sisimizi waliotoka majini, nikadhani ni wa kitinda mimba, mpaka nilipofika mwisho, alipoandika: "Samahani kwa mwandiko, ni mkono wa kushoto." Anasema bega la kulia limekufa, daktari kamkataza fimbo, ndiyo maana wamempa fagio, na mwaka ukiisha hata fagio watalichukua. Hakujiombea. Amekuombea wewe. Nanukuu: "Mchukue kijana. Ana mkono mzuri, ila sijamwambia."

Mwaka mzima umekuwa ukiniandikia mzima, mzima kabisa, mitindo ya wazee, anapenda usafi. Kwa nini, binamu?

Nijibu kabla sijafika. Nikifika nitakuwa mkufunzi, sitaweza kukuuliza.

Sindano


9 Novemba

Sindano,

Wote wazima isipokuwa bega la Baba.

Lilianza mwaka jana, mvua za mwisho. Kwanza alikuwa akilikanda tu kwa maji moto, kisha akawa hawezi kuchana nywele, sasa Mama ndiye anayemfunga vifungo vya shati, na wakati akifungwa wote wawili wanatazama ukuta. Umri wote amebana ile fimbo kwapani. Kila sufuria iliyotoka mikononi mwa mzee ilikula kidogo ya bega, na sisi tukawa tunasifu sufuria.

Umeuliza kwa nini sikukuambia. Nilijua ungetuma pole. Shangazi angelia, angetuma na dawa ya kuchua, na kila barua yako ingeanza na "Mjomba anaendeleaje." Sikutaka mtuonee huruma. Nilitaka mtuonee wivu.

Barua yako niliisomea kwenye kivuli cha lori. Nilipofika pale alipoandika Baba kuhusu mkono wangu, nikarudi juu, nikasoma tena kana kwamba ni jambo la mtu mwingine. Dereva akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia ndiyo.

Basi sikiliza, mkufunzi, na usinikatize, ndiyo maana ya karatasi. Mtaje Baba.

Uliniandikia mwenyewe kwamba vitufe viko usawa wa kiuno. Mkono wake wa kulia unafika kiunoni vizuri tu, ni juu ndiko hauendi. Mashine yako haitaki bega, inataka mtu mtulivu mwenye sikio, na pale kwetu hakuna sikio kama lile. Mimi ukiniweka hapo nitakuwa naiongelesha siku nzima mpaka iharibike. Mimi nitabaki na yale makubwa. Yanataka kijana mwenye nguvu na mwenye kupenda kutazamwa, na huyo ni mimi, hilo si la kujisifu, uliza yeyote.

Atakataa. Mwambie ni uamuzi wa tajiri. Usimwambie nimesema mimi, mwache aamini amepita kwa sifa zake. Mbele za watu usimwite mwanafunzi. Na nikipita karibu na mashine mikono nyuma, niache nisimame kidogo, nitikise kichwa kama mtu aliyeombwa ushauri. Usinicheke mpaka nitoke.

Wivu nitaona. Nitauona kila asubuhi, akienda kwenye ile mashine na shati lililofungwa na Mama, wewe umesimama upande wa pili, mnaelewana kwa kutazamana, mimi nimekumbatia fimbo kule mwisho. Haya, wivu si mgeni, nimekua naye nyumba moja. Wewe ulikaa naye mlangoni miaka yote hiyo na hukufa.

Mama ameanza kusafisha chumba chako. Sufuria ya rafu ya juu imeshushwa, ndiyo utakayopikiwa.

Jana nilimpelekea Baba sufuria yangu, niliyoizungusha vizuri kuliko zote. Akanawa? Hakunawa. Akaangalia ukingo, akapitisha kidole cha mkono wa kushoto, taratibu, akazunguka mdomo wote. Akasema, "Kesho."

Nikacheka. Akaniuliza nacheka nini.

Nikamwambia hamna kitu, Baba. Kesho.

Debe